Injini ya Konokono

Kaka yetu mkubwa alinipigia simu nikiwa chini ya lori la mchanga, oili inanichuruzika hadi kwenye kiwiko, akaniagiza nikadanganye. Neno lenyewe hakulitumia. Yeye ni mwalimu mkuu mstaafu, na maneno ya aina hiyo huyapitia kwa mbali.

"Ukifika kule," alisema, "liangalie lile gari, kisha mweleze dada yako kwamba injini imekufa. Imekufa kabisa. Lifunge kamba, livute, mrudi wote nyumbani. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana kina nani? Mbona mimi sikuwepo?"

"Wewe ndiye uliyemtengenezea. Kwa hiyo wewe ndiye utakayelimaliza."

Hapo alinibana. Ni kweli Konokono nililifufua mimi. Lilikuwa basi dogo la kubebea watoto wa shule, limelala kwenye majani nyuma ya gereji yangu, na dada alipostaafu ukunga akasema analitaka. Nikaifumua injini nikaiunda upya. Seremala jirani akang'oa viti, akaweka kitanda, makabati, sinki na meza ya kukunja. Sote tulicheka sana siku ile, tukalibandika jina la Konokono, tukiamini ataliegesha uani awe anakunywa chai humo akichoka na wajukuu. Kumbe mwenzetu hakuwa anacheka. Mvua zilipokatika alipakia maji, mchele, maharage, mtungi wa gesi na mbwa, akashika njia ya kwenda kwenye mbuga kavu za nyasi, kule ambako hata ramani ya simu imechoka kuandika majina.

Tangu hapo ndugu zangu hawakutulia. Mjane, peke yake, umri ule, na mbwa! Wasiwasi ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini tusifichane: dada ndiye aliyekuwa akitupima presha sote. Ndiye aliyelala hospitalini na kila mgonjwa wetu, ndiye aliyegongewa mlango kila mtoto wa ukoo alipokohoa. Tulikuwa tumemkosa dada, na tulikuwa tumemkosa nesi wa bure. Mimi mwenyewe mgongo ulikuwa unanisumbua na nilikuwa na mpango wa kumwonyesha.

Sasa Konokono lilikuwa limegoma. Dada alipanda kilima kimoja chenye mtandao akanitumia ujumbe: "Spana, gari linatoa 'tik' halafu linanyamaza. Ukipata nafasi, njoo." Spana ni mimi. Angalia alivyoandika: ukipata nafasi. Mtu amekwama kwenye nyika isiyo na jirani, na bado anakupa nafasi ya kumaliza kazi zako. Kaka alipousikia ujumbe huo akaona ni bahati iliyoanguka kutoka juu.

Nilianza safari alfajiri na pikapu yangu. Lami ikaisha, kokoto ikaisha, nikabaki na michirizi miwili ya matairi. Nyasi zilikuwa fupi, kavu, rangi ya ganda la mkate, zimejigawa kwa mafungumafungu na katikati yake mchanga mwekundu. Mti wa maana sikuuona. Nililaani njia nzima, na nilipochoka kulaani nilikariri maneno yangu: nitafungua boneti, nitakuna kichwa, nitasema pistoni zimeng'ang'ania, basi.

Nilipoliona Konokono kwa mbali, dogo na jeupe, nilikata kona nilifuate moja kwa moja. Hapo dada akatoka mbio, mikono juu, anapiga kelele.

"Simama! Hapo hapo! Usiingie kwenye nyasi!"

Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nilidhani kuna shimo, au nyoka, au balaa gani sijui. Akafika anahema, akainama, akachungulia chini ya pikapu.

"Bomba lako la moshi ni la moto, Spana. Nyasi hizi zinatafuta kisingizio tu. Rudi nyuma, uzungukie pale penye mchanga mtupu." Ndipo akanyooka na kutabasamu. "Haya, za safari, mdogo wangu?"

"Nzuri. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda, au ni vumbi?"

Yaani mimi, fundi, nafundishwa habari za bomba la moshi na mkunga! Nilinuna, lakini nilirudi nyuma, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mbuga nzima ingeungua kwa uvivu wangu wa kuzunguka.

Mbwa naye akaja kunipokea. Anaitwa Bwana Afya, maana kila kitu anakinusa kama mkaguzi aliyekuja kufunga hoteli. Ni mbwa wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika ingawa anakula kuliko mimi, na sikio lake moja limelala moja kwa moja. Alikagua viatu vyangu, akakagua begi la vifaa, akazunguka matairi yote, kisha akaenda kujilaza kivulini bila kutoa maoni. Mimi na mbwa hatuna urafiki, lakini nakiri kwamba nilifurahi kuona nimepita ukaguzi.

Dada akabandika chai. Wakati maji yanachemka niliingia ndani ya Konokono na jicho la kutafuta makosa. Nilitaka nikute uchafu, chakula kilichochacha, dawa zilizosahauliwa, chochote cha kumpelekea kaka ili uongo wangu uwe na mahali pa kuegemea. Sikupata. Kila kabati lilikuwa na kitasa cha kulizuia lisifunguke njiani. Kila kikombe kilikuwa kimelala kwenye kitambaa chake. Maji ya kunywa yalikaa huku, ya kuogea kule, na yaliyosuuziwa vyombo yalikuwa na ndoo yake yakingoja kufulia matambara. Kitanda kilitandikwa na pembe zake kukunjwa kihospitali, utadhani daktari yuko njiani. Pembeni ya mlango, usawa wa mkono, palining'inia begi la bandeji, tochi na filimbi. Nilianza kukasirika. Gereji yangu mwenyewe haina mpangilio huo, na mimi nina wasaidizi.

"Njoo nikutembeze kwangu," akaniambia tulipomaliza chai.

Kwangu! Mahali pasipo na hata ukuta. Lakini alinitembeza kweli, kama mtu anayekuonyesha vyumba. Alinionyesha korongo kavu lenye mchanga laini, pazuri kabisa pa kuegesha, akasema hapo hakanyagi. "Mvua inanyesha huko mbali, wewe huoni hata wingu, maji yanakufuata kitandani." Alinionyesha sisimizi wakibeba mbegu za nyasi ndefu kuliko wao. Akanieleza jinsi anavyochagua pa kulala: anasimamisha gari, anamwachia mbwa kwanza, naye anakaa akingoja. Bwana Afya akizunguka na kujilaza, anazima injini. Akikataa kulala, iwe ni siafu au shimo la nyoka au sababu zake mwenyewe, dada habishani naye. Anawasha gari na kusogea mbele.

"Na akikukatalia kila mahali?"

"Basi tunaendelea kutafuta. Nina mahali pa kuwahi?"

Tukiwa njiani kurudi, mbwa akasimama ghafla, mguu mmoja hewani. Dada naye akasimama. Nami nikasimama, kwa kuwa nilikuwa nyuma yao. Ng'ambo ya korongo swala walikuwa wakipita, kundi zima, taratibu, wakila huku wakienda, na upepo ulikuwa ukizilaza nyasi upande mmoja kisha mwingine. Nilimtazama dada. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona amesimama bila kufanya kazi, bila kushika mtoto wa mtu au sufuria au mkono wa mgonjwa. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu, imepumzika. Uso wake ulikuwa mzuri mno. Moyo uliniuma kwa sababu nilijua nilichotumwa.

Nikaenda kufungua boneti. Tatizo nililiona kabla sijainama sawasawa. Ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ulikuwa umelegea, boliti yake imeliwa na kutu, moto wa betri haupiti. Fundi kazi hiyo haimchukui hata muda wa chai kupoa. Nikashika spana, nikagongagonga huku na kule ili nisikike ninahangaika, nikajifuta mikono, nikageuka.

"Dada, injini imekufa."

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, mbwa miguuni. Hakuiangalia injini. Aliniangalia mimi, kuanzia usoni hadi kwenye viatu.

"Imekufa?"

"Kabisa. Pistoni zimeng'ang'ania. Itabidi nikuvute."

"Pole kwa kazi," akasema. Akaingia ndani, akatoka na viti viwili vya kukunja, akavifungua, akaviweka vikitazamana kwenye kivuli cha gari. Akakalia kimoja. "Kaa."

"Niko sawa, dada, acha nifunge kamba mapema."

"Spana. Kaa."

Nikakaa.

"Kwenye wodi yangu," akaanza, kwa sauti ya kawaida tu, "palikuwa na sheria moja ambayo hata daktari bingwa sikumruhusu aivunje. Ukienda kumwambia mtu habari ya kifo, unavuta kiti. Unakaa, macho yako na yake yawe sawa, ndipo unasema. Ukiileta umesimama, mtu anaona una haraka ya kuondoka, na mwenye haraka ya kuondoka hajasema yote. Nimepokea watoto wengi, mdogo wangu, na wengine hawakulia. Nimekaa kwenye viti vingi sana. Haya, na wewe umekaa. Niambie tena."

Nilifungua mdomo. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza, maana hasira ningeijibu. Nilijaribu kusema "imekufa" na neno likakataa kutoka. Katika kazi yangu nimegombana na wateja, nimechelewesha magari, nimetukana watu na magari yao, lakini gari zima sijawahi kuliita bovu. Leo ningeanza na la dada yangu.

"Ni waya," nikasema. "Waya wa betri umelegea tu. Injini ni nzima."

"Nani kakutuma?"

"Kaka. Sote."

"Na wewe mwenyewe unaogopa nini?"

Sikutaka kulia mbele ya mbwa. "Naogopa siku moja nitakuja hapa, na atakayetoka kunipokea awe huyu Bwana Afya peke yake."

Hakunicheka. Alilitafakari jambo hilo.

"Linaweza kutokea," akasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini hata kule nyumbani lingeweza kutokea, tena nikiwa mbioni kumtafutia mtu mwingine vidonge. Maisha yangu yote nimeitwa, Spana. Sista, njoo! Dada, njoo! Mama, njoo! Hata usingizini niliitwa, nikaamka nikavaa viatu, kumbe ni ndoto. Huku naamka, natazama matairi, nachemsha chai, nawaangalia swala, na jua linazama sijaitwa na mtu. Sijawakimbia. Nawapenda kama nilivyowapenda. Nimemaliza zamu, basi."

Niliinuka nikausugua ule waya kwa msasa, nikabadilisha boliti, nikaikaza kuliko nilivyowahi kukaza boliti yoyote. Nikamwambia awashe. Konokono likakohoa mara moja, likanguruma. Bwana Afya akaruka akaketi kiti cha abiria kabla hajaambiwa, na dada akapiga makofi kama msichana. Nikakagua na fenibelti, nikaongeza maji ya betri, nikamwachia tairi langu la akiba, ambalo kwa bahati linaingia kwenye gari lake. Mgongo wangu sikuutaja.

Tukaagana. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyowashika watoto wachanga, akaniambia niendeshe polepole penye kokoto.

Nilipofika kwenye kile kilima chenye mtandao nilisimamisha pikapu kwenye mwamba mtupu, mbali na nyasi, nikapiga simu. Kaka alipokea papo hapo.

"Vipi? Umeshamwambia? Mko njiani?"

Nikatafuta jiwe, nikakaa. "Kaka, umekaa?"

"Nimesimama hapa barazani. Kwa nini?"

"Vuta kiti, kaka. Kaa kwanza."

Kisha nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, na pumzi yake. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu wala ya kaka mkubwa.

"Nimekaa. Spana, dada yetu amekufa?"

"Hapana, kaka. Ni mzima kuliko sisi sote. Injini pia ni nzima. Harudi."

Nilingoja anikaripie. Badala yake nikamsikia kaka yangu analia, mtu ambaye hata kwenye msiba wa baba tulimwona na karatasi mkononi anapanga magari. Alilia kwa muda. Sikumkatiza, na simu sikuikata. Sikuwa na haraka ya kuondoka.