Mligawana Nyumba Yetu

Vumbi la barabara ya Kilosa huingia kwetu bila hodi. Lori likipita, vumbi linapanda, linasimama kidogo kwenye mwanga wa dirisha, kisha linashuka juu ya kila kitu: meza, redio, viti viwili vya mbao vya baba na mama. Mama alilifuta kila asubuhi kwa kipande cha kanga kuukuu, na jioni lilikuwa limerudi. Nalichukia vumbi hili. Lakini ninyi nawachukia zaidi.

Nasema na ninyi wawili. Wewe uliyeingia kichwani mwa baba yangu, Casmir, ukazima taa chumba kwa chumba. Na wewe uliyeingia titini mwa mama yangu, Getrude, ukawasha moto usiozimika. Mligawana nyumba yetu mkiwa mmeshiba, na bado mkala.

Daktari mmoja wa Morogoro alinieleza kwa upole, huku akichora kwenye karatasi. Watafiti wameona kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hukwepwa na saratani, na mwenye saratani mara nyingi hukwepwa na kusahau. Huku seli za ubongo zinakufa kabla ya wakati wake. Kule seli zinagoma kufa. Kwa nini iwe hivyo, bado wanatafuta. "Ni kama magonjwa haya hayapendi kukaa kwenye mwili mmoja, dada," alisema.

Hampendi! Kwa hiyo mkachukua miili miwili. Adabu gani hiyo ya kupishana mlangoni, wewe kwa baba, wewe kwa mama, halafu mkakutana kwenye meza yetu ya chai? Kama huku kufa kulikuwa kumezidi na kule kugoma kufa kumezidi, si mngebadilishana? Mngempa baba ule ukaidi wa uvimbe. Mngeupa uvimbe ule usahaulifu wa baba, nao usahau kukua. Nilimwambia daktari hivyo, akaacha kuchora.

Baba alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Kilosa, miaka thelathini na mmoja. Alijua saa ya kila treni, na treni ikichelewa aliona aibu yeye. Sasa asubuhi moja nilimpelekea uji, akainuka kitini, akainamisha kichwa, akaniambia mimi, kitinda mimba wake:

"Shikamoo."

Shikamoo ya baba kwa mtoto! Ningeitikia marahaba kwa mdomo upi? Nilikimbilia jikoni nikalia kwa hasira, na mama akanifuata akijishikiza ukutani, mkono wake wa kushoto umevimba.

"Winnie, usimwache mtu na salamu yake mkononi. Akisalimu, mwitikie. Akiita, mwitikie."

"Mama, yule ni baba."

"Ndiyo maana."

Sikuitikia. Siku hiyo wala siku zilizofuata sikuitikia. Niliona nikisema marahaba nitakuwa nimewakabidhi ninyi baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama naye alikuwa na lake. Alinieleza siku aliyorudi kutoka kwenye mionzi, ngozi ya kifua imeungua. Hakuomba kupona. Alitaka baba amwite Getu, mara moja tu, kabla hajaondoka. Getu ni jina ambalo baba peke yake alilitumia, tangu mama akiwa msichana anauza wali kwa madereva wa malori hapa Mikumi. Sasa mwaka mzima alikuwa anamwita nesi.

Basi mama akakaa kwenye kiti chake, akamkabili mumewe, akangoja. Wewe wa titini ulikuwa na haraka. Wewe wa kichwani hukuwa na haraka hata kidogo. Katikati yenu mwanamke anangoja jina lake, anakonda, anafuta vumbi, anangoja.

Nilijaribu kumfundisha. "Baba, sema Getu." Akanitazama kwa upole, kama mgeni anayeulizwa njia. Mama akanizuia. "Acha, mwanangu. Likiwa la kufundishwa, halitakuwa lake."

Alikufa Jumatatu, saa nne asubuhi, baba akiwa pembeni yake na kikombe mkononi. "Nesi amelala," baba alisema. Makaburini alitupa udongo kama wengine, akampa pole kila mtu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefiwa.

Wiki ikapita. Watu wa matanga wakaondoka, viti vikarudishwa ndani. Nikiwa jikoni nikasikia sauti ya baba, ileile ya stesheni, imenyooka, ya mtu anayejua anachokisema.

"Getu! Chai inapoa!"

Mmesikia? Wiki moja! Mtu ambaye hakuvumilia treni ichelewe dakika kumi, mmemchelewesha wiki moja! Mlishindwa nini kumwachia lile neno moja, siku nane nyuma, mama akiwa ameketi pale mbele yake? Mungu anisamehe, nilitaka kuvunja vikombe vyote. Nikaenda ukumbini kumwambia ukweli, kwamba Getu tumeshamzika.

Nikamkuta ameinama mbele ya kiti cha mama. Kilikuwa chekundu kwa vumbi la siku zote ambazo hakuna aliyekifuta. Baba alikuwa anakipangusa kwa kiganja, polepole, egemeo, mikono, hadi kwenye pembe, anamwandalia mtu mahali pa kukaa. Vumbi lilikuwa limepanda na kusimama kwenye mwanga wa dirisha.

"Getu!"

Hasira yangu haijaisha, msijidanganye. Nitawachukia mpaka siku mtakaponifikia na mimi, mmoja wenu au mwingine. Lakini mtu alikuwa ameita, na mama alishasema.

"Abee," nikaitika.

Nikaketi pale alipopafuta. Baba akanisogezea kikombe. Vumbi likatushukia sote wawili, mabegani, taratibu, na mimi sikulipangusa.