Matete ya Asenath

Kweyu alizaliwa katika nyumba za reli za Makongeni, akalelewa kwa chai na mkate, kwa hiyo kwake matete yalikuwa magugu tu. Mkewe Asenath ndiye aliyeyapanda nyuma ya nyumba yao Kariobangi, pale bomba linapovuja na udongo haukauki mwaka mzima. Alipokwenda Butere kumchukua mamake, aliyeugua hadi chakula kikamshinda, alimwachia neno moja: "Baba Lorine, matete yangu uyaangalie."

Akayaangalia kweli, akaona aibu. Mama mkwe hajawahi kukanyaga kwake. Aje akute bintiye anaishi kinamasini na vyura? Jumatatu akayafyeka. Alitaka kung'oa na mizizi, tope likamshinda. Jua la wiki hiyo likayakausha, Ijumaa akayachoma juu ya bati, majivu akayazoa kwenye debe ayapeleke jalalani Dandora. Alijisifu, mwanamume mzima.

Jumamosi wakafika. Mama mkwe alikuwa amekonda, macho yamezama. Kweyu alimsalimu kwa mbali, kwa heshima ya mkwe. Asenath akapitiliza nyuma ya nyumba.

"Baba Lorine! Matete yako wapi?"

"Niliyakata. Nilitaka Mama apate mahali pasafi."

"Ai! Na munyu nitatengeneza na nini? Mama hali mboga bila hiyo chumvi ya kienyeji, na daktari amesema asipokula wiki hii analazwa!"

Kweyu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Niliyachoma," akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. "Majivu yako kwa debe."

Asenath akafunua debe, akachovya kidole, akaonja. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Si munyu unatoka kwa majivu! Kukata, kuanika, kuchoma, yote umenimalizia, na hata hujui!"

Akatoboa mkebe chini, akaujaza majivu, akamimina maji juu yake. Yaliyochujika ndiyo aliyopikia mboga ya mrenda. Mama mkwe alimega tonge la kwanza kwa wasiwasi. La pili alilichovya mpaka vidole vikazama. Sahani ilipokwisha aliisukuma mbele bila kumtazama Kweyu, kama desturi inavyotaka.

"Asenath, mwambie mkwe wangu anajua kuchoma. Na mniongezee ugali."

Kweyu alijawa na furaha hata akashindwa kukaa. Akatoka nyuma. Ile mizizi iliyomshinda ilikuwa imekwisha kuchipua, vijiti vya kijani vimetoboa tope. Akachuchumaa mbele yake.

"Poleni, wasee," akaiambia. "Meeni mpaka mfike paa."