Mkasi Chini ya Majani

Memsabu aliniachia vichaka sita vya lavenda, maua ya Kizungu yanayonukia. Alisema hivyo mbele ya mumewe, mhandisi wa mgodi, siku waliyofunga mizigo kuondoka Kasese mwaka 1968: "Yudesi, hivi ni vyako." Miaka minane nilivipalilia mimi, mtumishi wao, na sikupata kingine katika nyumba ile. Wala sikutaka kingine. Nilikuwa na kiwanja Bwera, nimejenga chumba na sebule, na mbele ya mlango nilikuwa nimeshapima mashimo sita.

Nyumba ikapewa afande Onen, nami nikabaki kuwa mpishi wake. Nikasubiri mvua ya mwezi wa tatu, maana kichaka kikongwe hakihamishwi wakati wa jua. Siku niliyoanza kuchimba, afande akatoka barazani.

"Mama, unapeleka wapi hiyo maua?"

"Bwera, afande. Ni yangu. Memsabu alinipa."

"Memsabu iko wapi? Hapa kila kitu ni ya serikali. Maua inaenda kambini, kwa mkubwa yangu. Jumamosi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Ungesema nini, mtu ana bastola kiunoni?

Lakini roho iliniuma. Memsabu alinifundisha kwamba lavenda ikikatwa chini ya majani mabichi, pale penye shina gumu lisilo na majani, haichipui tena. Jioni ile nilichukua mkasi nikavikata vyote sita, chini kabisa. Afande alipouliza, nikamwambia ndivyo wanavyofanya kabla ya kuhamisha. Akaamini, hayawani yule. Nilifurahi, sitaficha.

Ijumaa mkewe, Lanyero, akanijia jikoni akicheka.

"Mama Yudesi, nimesumbua huyo bwana siku tatu mpaka amechoka. Amesema chukua maua yako. Na lori ya kambi inaenda Bwera kesho, itakubeba."

 Mwanamke huyu sikuwahi kumwamkia kwa moyo safi, kumbe alikuwa akinipigania. Nikamshukuru.

Nikavichimba vile vichaka. Nilizunguka kila shina kwa mbali, nikatoa mizizi na udongo wake, nikaifunga kwa magunia yaliyoloweshwa. Bwera nikavipanda juu ya tuta, maji yasisimame, kwa kina kilekile cha zamani. Majirani wakanisifu. Kila asubuhi nilivikagua, mjinga mimi, nikiomba Memsabu awe amekosea. Hakukosea.

Mwezi wa sita Lanyero alikuja soko la Bwera, akapita kunisalimu. Akavunja kijiti kimoja, akakiona kikavu mpaka ndani.

"Pole sana, mama. Kumbe kuhamisha iliua maua yako."

"Ndiyo," nikasema. "Ni kuhamisha."

Akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. Akalaumu barabara, akamlaumu dereva wa lori kwa kukimbiza gari, nami nikamwacha amlaumu.