Lango Lililoitwa Mama Mkwe

Kila Alhamisi saa moja jioni, chama cha watunza malango kilikutana katika chumba cha nyuma cha baa moja kando ya mto Mulde, na kila Alhamisi Ottmar Priebisch alifika na uongo mpya.

Haukuwa uongo wa kumdhuru mtu. Mzee huyu alikuwa ameongoza ishara za reli kwa miaka thelathini na minane, na kama ungemwamini, siku moja taa zilipozimika alisimamisha treni ya makaa ya mawe kwa soseji iliyochovywa rangi nyekundu. Dereva, alisema, alishuka akailamba, akamwambia rangi imezidi chumvi. Kompyuta alijifunza mwenyewe baada ya kustaafu, kwa vitabu vya kuazima na matusi ya kwake.

Wanachama walikuwa tisa. Kila mmoja alikuwa na mashine yake, waliyoiita lango, inayopitisha mawasiliano ya watu asiowajua, bure, ili watu hao wasijulikane. Atumiaye mtandao wa malango hayo, ujumbe wake hupita malango matatu. Lango la kwanza linamjua anayetuma ila halijui anakokwenda. La mwisho linajua anakokwenda ila halimjui anayetuma. La katikati halijui kitu, kama bwana harusi kwenye maandalizi ya harusi yake. Usalama wote umekalia hapo: la kwanza na la mwisho yasiwe ya mtu mmoja. Mwenye malango mawili huyatangaza kuwa ni ya nyumba moja, na hapo mtandao haumpitishi mtu katika yote mawili.

Sheria hiyo, Roswitha Kühnel aliisoma kila mkutano kabla bia haijafika. Alikuwa mwenyekiti, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwenye sauti ya kumfanya mtu mzima aangalie kucha zake. Akimaliza hiyo alisoma ya pili:

"Na msiandike kitu. Nani kaingia, nani katoka, saa ngapi, si kazi yetu. Polisi wakija, wakute mashine tupu kama kanisa siku ya Jumatatu."

Mwaka ule maongezi ya mezani yalikuwa juu ya lango moja jipya. Lilikuwa lango la kutokea, yaani la mwisho, lenye nguvu, na mwenyewe hakujulikana. Alikuwa amelisajili kwa jina la Mama Mkwe.

"Limezuka Februari tu, na tayari linatuacha sote nyuma," alisema Roswitha. "Ningependa kumjua mwenyewe, nimshukuru."

"Mimi namjua," alisema Ottmar. "Mjane wa Leipzig. Ana paka kumi na mmoja, wote wanalala juu ya mashine wakiota moto."

"Wiki iliyopita alikuwa mtawa wa Ugiriki."

"Alivua kanzu. Mapenzi, Roswitha."

"Kunywa bia yako, Ottmar."

Akanywa, tumbo likimtikisika kwa kicheko alichokizuia. Kwa sababu Mama Mkwe lilikuwa lake. Alilikodi kwa siri kwenye jumba la mashine mji mwingine, akalibandika jina hilo kwa kuwa, alijiambia, mama mkwe ndiye apelekaye nje kila linalosemwa ndani. Lango lake la zamani, la kuingilia, yaani la kwanza, lilikaa chini ya nyumba yake karibu na viazi, na hilo wote walilijua. Hakuyatangaza kuwa ya nyumba moja, maana angefanya hivyo utani ungekufa. Alitaka asimame kwenye karamu ya chama mwezi Oktoba, awaambie, aone nyuso zao.

Ila nani angemwamini? Ndipo akaona atahitaji ushahidi. Akaziamuru mashine zote mbili ziandike kila kitu: saa, anakotoka mtu, anakokwenda. Kila Jumapili alileta nyumbani daftari la Mama Mkwe na kulihifadhi kwenye mashine ya chini pamoja na lile la lango la kuingilia, akalisoma kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira. Mtu aliyetunga hadithi maisha yake yote alitaka, safari hii moja, aaminiwe.

Aprili, mpwa wake Wiebke alikuja jikoni kwake akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa binti wa dada yake marehemu, muuguzi katika nyumba ya wazee kule kilimani.

"Mjomba, wanawalaza kwa dawa," alisema. "Dawa ambazo daktari hakuandika. Wazee arobaini, wauguzi wawili kwa zamu. Wakilala hawasumbui. Karatasi ninazo."

"Umemwambia nani?"

"Meneja. Akaniuliza kama nimechoka na kazi."

Gazeti moja kubwa lilikuwa na sanduku la barua mtandaoni kwa watu wenye siri kama zake. Ottmar akamfundisha jioni mbili mfululizo, na katika kufundisha hakutunga hata neno. Usitumie mtandao wa kazini. Usifungue barua pepe yako mahali pale pale. Dirisha la kivinjari liache lilivyo, usilipanue. Picha za karatasi usizitume zilivyo, maana zimebeba jina la simu yako tumboni, yaliyomo uyaandike upya. Usitume mara tu zamu inapokwisha.

"Na kuingia," alimalizia, "pitia kwangu."

"Si ulisema mtandao unajichagulia wenyewe?"

"Lango la kwanza ndilo linalokujua, mwanangu. Afadhali ujulikane na mjomba kuliko mtu wa Chile."

Roswitha angemsikia, angempiga kwa kitabu cha sheria. Lakini Ottmar ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta ya Wiebke, akaifungia kwenye lango lake kwa mkono wake mwenyewe.

Juni gazeti likatoa habari. Jina la Wiebke halikuwamo, wala la mtu yeyote. Wenye nyumba ya wazee wakapiga kelele kwamba wameibiwa nyaraka, wakapeleka malalamiko polisi, wakawahoji wauguzi mmoja mmoja. Wiebke akahojiwa, akatoka, akaendelea na zamu. Akija kwa mjomba kula chapati zake ndogo za viazi na jibini, hawakulizungumza. Ottmar alimtazama tu na kujiona mkubwa.

Septemba, Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, kengele ya mlango ikalia. Inspekta Zschocke, mtu mpole mwenye mafua, alikuwa na hati mkononi na vijana wawili nyuma yake. Mtu asiyejulikana alikuwa ametuma kitisho cha bomu kwenye duka la samani, na kitisho kilitokea Mama Mkwe; jumba la mashine lilikuwa limewapa jina la mpangaji.

Roswitha alikuwa amewafundisha wote la kufanya: toa karatasi inayoeleza kazi ya lango, funga mdomo, piga simu kwa wakili, na kabla ya yote chomoa waya. Mashine ikizimika, inajifunga, na hakuna wa kuifungua bila neno la siri. Ottmar alikuwa hatua sita kutoka kwenye ngazi ya kushukia chini.

Lakini mbele yake palikuwa na watu watatu wanaomsikiliza.

"Bomu!" alisema. "Karibuni ndani, Inspekta. Mimi bomu nimewahi kulala nalo kitanda kimoja. Mwaka wa sabini na nane, kituo cha mizigo..."

Inspekta akatabasamu, akapenga kamasi, akamwacha aseme. Hadithi ilipofika mahali bomu linapodai blanketi, Ottmar aligundua vijana hawapo tena. Walikuwa chini, na mashine walishaiunga kwenye betri, taa zake zikiwaka vizuri kabisa.

Jioni ile alikwenda kwa Roswitha, akasimama sebuleni bila kuvua kofia.

"Mama Mkwe ni langu."

"Ulilitangaza?"

"Hapana."

"Uliandika?"

"Yote mawili. Tangu Februari."

Roswitha akakaa. "Ottmar, mara moja tu, niambie unanidanganya."

Ottmar akavua kofia.

"Kuna mtu anayepita kwako? Unayemjua?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi mwambie leo. Leo hii hii."

Hakumwambia leo hii hii. Alijipa moyo kwamba wanatafuta mtu wa bomu, watasoma saa ile tu ya kitisho na kuacha mengine. Alishika simu mara kadhaa akairudisha, kwa sababu kila alipotafuta sentensi ya kuanzia, kila moja ilimalizikia kwenye utani wake mwenyewe. Zikapita siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, Jumapili mchana, Wiebke akaja. Hakuwa na sare. Aliweka barua mezani.

"Wamenisimamisha. Funguo wamechukua. Mwanasheria wao anasema ni wizi, na polisi wameniita kesho." Akaketi, akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto. "Nimekaa usiku nafikiri nilikosea wapi, mjomba. Kazini sikuwahi kuingia. Barua pepe sikufungua. Dirisha sikulipanua. Picha niliziandika upya zote. Nilisubiri siku mbili, tatu baada ya zamu. Kuna mara moja nilikuwa na homa, labda siku ile nilisahau kitu. Unafikiri ni siku ile?"

"Si siku ile."

"Basi wapi?"

Akamwambia. Lango la kuingilia lake, lango la kutokea lake, daftari la kila moja, na siku tano ambazo mtandao, bila kujua kwamba mwenye malango ni mmoja, ulimpitisha Wiebke katika yote mawili. Malalamiko ya wenye nyumba ya wazee yalikuwa ofisi ile ile iliyoichukua mashine. Mtu aliziweka karatasi mbili meza moja, akasoma. Alieleza bila madoido, na ilimchukua muda mfupi kuliko hadithi yoyote aliyowahi kusimulia.

"Ulikuwa unaandika kwa nini?"

"Nilitaka kuwachekesha Alhamisi."

Wiebke aliikunja barua.

"Kwa hiyo nilifanya kila kitu sawasawa," alisema.

"Kila kitu."

Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu cha pili baada ya kazi. Kosa, kama lingekuwa lake, angelibeba. Alikuwa ameshaanza kulizoea. Ottmar akanyoosha mkono juu ya meza, akaurudisha kabla haujafika.

Mara Wiebke akainua uso. "Nino."

"Nino nani?"

"Wa zamu yangu. Yule Mgeorgia. Nani unadhani alinipa orodha za dawa? Julai nikamwambia za mwezi ule azitume mwenyewe. Nikamfundisha ulivyonifundisha." Akasimama. "Nilimwambia, pitia kwa mjomba wangu, ndiko salama. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa kwenye kazi ile, mjomba. Yumo humo?"

Ottmar alijua. Tangu Julai alikuwa akiona anwani moja ngeni, kila Jumatano, na alifurahi kwamba lango lake limepata mgeni mwingine.

"Anakaa ng'ambo ya mto? Mtaa wa kiwanda cha zamani cha nyuzi?"

Wiebke akaelekea mlangoni. Alikuwa ameshachukua koti.

"Usimpigie simu," alisema Ottmar.

"Najua. Hayo ulinifundisha vizuri."

Mlango ukafungwa. Jumapili basi la kushuka mjini hupita mara moja kwa saa, na la saa tisa lilikuwa limekwishapita. Ottmar alisimama dirishani. Alimwona akifika kituoni, akisoma ratiba, akitazama barabara juu na chini. Kisha akaanza kwenda kwa miguu, akifunga vifungo vya koti, na alipofika kwenye kona akaanza kukimbia.