Wageni wa Nyumba Namba Nne

Jumamosi hiyo Waceke alikuwa amepanga viti vya sebuleni mara mbili, na sasa alikuwa akivipanga tena. Nduma zilikuwa zimeiva, chai iko kwenye chupa, na kikundi cha kusoma kilitarajiwa saa tisa. Kilikuwa hakijakutana tangu Desemba, kabla ya uchaguzi. Sasa ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka wa 2008, mvua ya masika imeanza, na kila mtu pale mtaani Kabiria alisema mambo yametulia.

Waceke mwenyewe hakuwa ametulia. Akiketi anakumbuka jikoni, akifika jikoni anakumbuka lango, akifika langoni hajui alichofuata. Mwanawe Ciru alipompigia simu alimuuliza kwa nini anahema. Alisema ni ngazi, ingawa nyumba yake haikuwa na ngazi.

Haron, karani wa bima kule mjini, ndiye aliyefika kwanza. Njambi, mwalimu anayeishi Kileleshwa, akafuata na kigari chake kilichojaa matope. Zamani kikundi kilikuwa na watu wanne. Wa nne alikuwa Phoebe, sekretari wa ofisi moja ya Kilimani na mpangaji wa Waceke, nyumba namba nne, yeye na watoto wake wawili. Ni Phoebe aliyekiokota kitabu cha siku hiyo kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kule Tom Mboya Street. Alikileta mwezi wa Desemba akasema, "Hii ndiyo tusome." Haron akakitolea fotokopi, kila mtu akapata yake.

Kisha ikaja Januari, na ghasia za baada ya uchaguzi. Siku moja mchana vijana walifika langoni wakamuuliza Waceke watu wa kutoka magharibi ya nchi wanakaa wapi. Waceke hakusema neno. Aliangalia tu upande wa nyumba namba nne, na vijana wakaangalia alikoangalia yeye. Phoebe aliondoka na watoto wake na mfuko mmoja wa nailoni. Baadaye Waceke alitia kufuli mlango ule, ili vitu visiibwe.

Kitabu kilikuwa cha kusini mwa Marekani. Kilisimulia habari za Lorena, msichana mweupe wa miaka kumi na mmoja, katika mji mdogo wa wakulima wa pamba. Nyuma ya duka la baba yake iliishi familia ya watu weusi: Amos Tilden, fundi wa viatu, mkewe Roselle, na watoto wao wawili. Jumapili moja uvumi ulienea kwamba Amos amemjibu vibaya mzungu mmoja, na watu wakaja na fimbo. Lorena alikuwa dirishani. Alijua uvumi ule ni uongo, lakini alinyamaza. Akina Tilden wakaondoka kwa miguu, naye Lorena akakua na kimya chake mpaka akawa mtu mzima.

"Mimi huyo msichana nimempenda sana," alisema Haron. "Alikuwa mtoto tu. Angefanya nini?"

"Kwangu ni pale wanatembea kwa barabara na yule kijana amebeba saa ya ukutani," alisema Njambi. "Nililia mpaka bwanangu akaniuliza nani amekufa."

"Na hakuna hata jirani mmoja alifungua mlango," alisema Waceke. "Hata mmoja! Kama wangekuja kwangu, ningewafungulia. Haki ya Mungu, ningewafungulia."

Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na papo hapo lango likagongwa.

Walikuwa wanne. Vumbi jekundu lilikuwa limewafika magotini, vumbi kavu, japo mvua ilikuwa ikinyesha. Mwanamume alikuwa ameshika kofia mkononi, na kijana alikuwa amekumbatia saa ya ukutani. Haron aliinuka akaongeza viti. Njambi aliwaandalia nduma, akamnong'oneza Waceke kwamba alimdhania Roselle kuwa mrefu zaidi.

"Tumeambiwa kuna nyumba iko wazi," alisema Amos Tilden.

"Iko," alisema Waceke, akaenda kutafuta ufunguo.

Habari zikaenea. Kufikia Mei nusu ya kanisa ilikuwa imesoma ile fotokopi, na waliobaki walikuwa wamesimuliwa. Watu walikuja kutoka Riruta, Kilimani, hata Kileleshwa, wakiwa na unga, sukari na viatu vya watoto. Waliketi nje ya namba nne, wakamshika Roselle mkono, wakalia. Wengi walimwambia kwamba wangekuwa wao ndio Lorena wangepiga kelele. Roselle alimshukuru kila mmoja. Mchungaji aliwasimamisha akina Tilden mbele ya waumini akasema sisi hapa ni watu wa kukaribisha, na kanisa zima likapiga makofi, Amos naye akapiga kwa adabu. Alifungua kibanda cha kushona viatu karibu na lango. Watoto walichukua wiki moja tu kujua kusalimia watu kwa niaje.

Lakini Roselle hakufungua mzigo wake. Uliwekwa mlangoni ukiwa umefungwa kamba, kama mzigo wa mtu anayengojea gari. Na kila alfajiri alizunguka uwanja wa ile ploti ya nyumba za kupanga taratibu, akipima umbali wa kila kona hadi langoni. Waceke naye alikuwa akizunguka saa hizo hizo, kwa hiyo walikutana.

"Vile vitanda vya ndani ni vya nani?" Roselle aliuliza siku moja.

"Ni vya mpangaji alihama."

"Alihama au alihamishwa?"

"Ilikuwa mambo ya siasa," alisema Waceke, akainama kung'oa nyasi ambayo haikumsumbua mtu.

Roselle alitikisa kichwa. "Kila mahali tunakofika huwa kuna nyumba iko wazi, na maji bado yako kwenye ndoo. Mimi huuliza mara moja tu."

Waceke hakuacha kuzunguka baada ya hapo. Alibadilisha tu saa.

Mwezi wa Juni, Jumamosi asubuhi, Phoebe alirudi. Alikuwa amekonda kidogo, na alikuwa amevaa sketi yake ya ofisini. Alisimama langoni hadi Waceke alipomwona.

"Mama Ciru, habari ya siku nyingi."

"Phoebe! Umepotea!" alisema Waceke, na mkono wake ukabaki hewani, kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka.

"Nimepotea kweli," alisema Phoebe. "Tuko Rongai kwa binamu yangu, tunalala sita kwa chumba. Sammy anachelewa shule kila siku, na mimi Kilimani imekuwa mbali. Nikasikia huku kumetulia. Nimekuja kuuliza nyumba yangu."

"Nyumba iko na watu, Phoebe."

"Watu gani?"

"Wale wa kitabu."

Phoebe aliangalia mlango wa namba nne uliokuwa wazi. Saa ya ukutani ilionekana imetundikwa pale ilipokuwa kalenda yake. "Akina Tilden," alisema. "Maskini. Walikuja na miguu?"

"Na miguu, wote wanne."

"Wacha niwasalimie basi."

Roselle alimkaribisha ndani, akamketisha kwenye kochi. Lilikuwa kochi la Phoebe. Alimmiminia chai katika kikombe chenye maua ya buluu, na Phoebe akakigeuza kidogo ili kile kipande kilichomeguka kisiguse mdomo wake. Hakuna aliyehitaji kumwambia Roselle huyu ni nani. Alimtazama Phoebe, akautazama mzigo wake pale mlangoni, akamtazama mumewe. Amos akainuka akachukua kofia yake.

"Tunaweza kuondoka," alisema. "Tumezoea."

"La!" Waceke alipaza sauti, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Hapana! Hapa kwangu hakuna mtu atawafukuza! Watanipitia mimi kwanza!"

Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono ameitandaza. Watoto wa Tilden waliacha kutafuna mkate. Phoebe alimaliza chai yake bila haraka, akakiweka kikombe mezani.

"Kaeni tu," aliwaambia. "Hawa watoto wamepata shule?"

"Bado," alisema Roselle.

"Ile ya pale chini ni nzuri. Mwambieni mwalimu mkuu mmetumwa na Mama Sammy. Atawasaidia." Kisha akainuka, akachungulia chumba cha kulala bila kuingia. Watoto walikuwa wamelitandika vizuri blanketi la Sammy lenye picha ya simba. Hakulichukua.

Roselle alimfuata hadi nje. Alitaka kumwambia kitu, lakini katika kitabu chote hakuwa amepewa maneno mengi, na yale machache alikuwa ameshayatumia kwa wageni. Alimshika mkono tu. Kiganja cha Phoebe kikabaki na vumbi jekundu.

Waceke alimsindikiza hadi langoni. Alitembea mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena.

"Kukipatikana nyumba nyingine nitakuambia," alisema. "Weka tu simu yako on."

"Sawa, Mama Ciru." Phoebe alisita. "Na mlimaliza kitabu? Mimi nilikuwa nimefika pale wanatoka kwa mji. Sikujua mwisho."

Basi Waceke akamsimulia, wamesimama hapo kando ya barabara. Alimwambia jinsi Lorena alivyokua akawa mwanamke mzima, jinsi alivyopanda treni hadi mji mkubwa wa kaskazini akimtafuta Roselle, akampata akiwa mzee, akamwambia, nilikuwa dirishani, nilijua, nikanyamaza. Na Roselle akamfungulia mlango akamwambia aingie, nje kuna baridi. Alipofika hapo Waceke alishindwa kuendelea. Alilia akishikilia chuma cha lango, mabega yakimtikisika, mpaka mtu wa mkokoteni aliyekuwa akipita akapunguza mwendo.

Phoebe alifungua mkoba akatoa leso, akampa. Alimpapasa mgongoni kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka.

"Pole," alisema. "Pole, Mama Ciru. Ni kitabu tu."

"Ni kizuri sana, Phoebe. Wewe ndiye ulituchagulia."

"Na nyumba yao?" aliuliza Phoebe. "Walirudishiwa?"

Waceke alipangusa macho. Alifikiri kwa uaminifu, akizipitia kurasa moja baada ya nyingine.

"Hapana," alisema. "Hadithi haifiki hapo."

Phoebe aliitikia kwa kichwa, akaaga, akashuka kuelekea Riruta. Waceke alimtazama mpaka akapotea nyuma ya lori la mchanga. Alitaka kumwita, hata akafungua kinywa. Lakini matone makubwa ya mvua yakaanza kuanguka, na akakumbuka kwamba nguo za akina Tilden ziko kwenye kamba, akakimbia kuzianua zisilowe.