Chawa Shavuni mwa Samaki Wangu

Wifi yangu anafuga minyoo. Nasema anafuga kwa sababu sina neno lingine. Mtu anayeamka asubuhi akawahi kazini kuangalia kama minyoo wake wameshiba, utasemaje?

Tunafanya kazi maabara moja ya makumbusho, meza mbili, dirisha moja. Katikati ya sakafu kuna mstari wa utepe mwekundu alioubandika yeye mwenyewe, eti vumbi langu lisivuke. Upande wangu ni visukuku: visamaki vya maji baridi, vya ukoo mmoja, vidogo kuliko kidole cha mwisho, vilivyogeuka mawe kabla binadamu hajajua hata kuwasha moto. Mimi huvichokoa kutoka kwenye mawe kwa sindano na brashi. Upande wake kuna matangi ya vioo, na ndani yake wanaogelea wazawa wa ukoo huohuo, wazima, lakini wamejaa vimelea. Minyoo tumboni, chawa wa samaki ngozini, na vidudu vingine kwenye matamvua ambavyo sivitaji kwa sababu nitakula baadaye. Samaki akifa, mimi namwonea huruma. Yeye anauliza, "Na mnyoo? Mnyoo mzima?"

Kuna wiki samaki wake walipona wenyewe. Jamani, mtu alilia! Nilimpa pole kama aliyefiwa.

Na huyu mtu nilimtafutia kaka yangu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Maana mama yangu anampenda mkwe wake kupita kiasi. Mama alikuwa dobi maisha yake yote ya kazi. Shuka lenye doa halikuwahi kutoka mkononi mwake, na sisi watoto tukideki alikuwa anapita nyuma yetu, anaonyesha kwa kidole: "Hapa umeruka." Basi wageni wakija, mama anasema, "Mkwe wangu anatibu minyoo." Hatibu, mama, anafuga! Hakuna anayenisikia. Halafu ananionyesha mimi: "Na huyu wangu anaosha mawe." Mpaka leo hajui ninachofanya. Nimemweleza, nimemchorea, nimemletea picha. Anatikisa kichwa, anasema, "Haya, mradi unakula."

Kwa hiyo mkurugenzi alipotangaza kwamba Jumamosi familia zetu zitaalikwa, na kwamba kabati la kioo la pale mlangoni litawekwa kitu kimoja tu, samaki wangu mzuri kuliko wote, nusura nimkumbatie. Nilimjua samaki huyo vizuri. Mzima, ana mapezi, ana mkia, ana miba myembamba kama nywele, hata tundu la jicho linaonekana. Mama angemwona kwa macho yake. Angeelewa. Nilichotaka kilikuwa hicho tu, na nilikitaka mpaka usingizi ukaniruka.

Kulikuwa na kasoro moja. Shavuni alikuwa na kijivimbe, kama punje ya ufuta. Nikasema, simpelekei mama samaki mwenye taka usoni. Nikachukua sindano, nikainama kwenye hadubini.

Wifi akavuka utepe kuja kuazima gundi. Akachungulia. Akapiga ukelele uliofanya samaki wote kule kwenye matangi wajibanze kona moja.

"Usiguse!"

"Nini tena?"

"Wifi, huo si uchafu! Huyo ni chawa! Ana miguu, angalia! Chawa wa samaki, amekufa palepale akinyonya! Hapa kwetu hakuna aliyewahi kumwona chawa wa jiwe juu ya samaki wa ukoo huu. Hakuna!" Akashika kifua. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, akaniuliza, "Wale samaki wengine wa jiwe hilihili, nao walikuwa na vijivimbe?"

"Karibu wote," nikasema. "Vilinisumbua sana. Vimeng'ang'ania, kuving'oa ni shughuli."

"Viko wapi?"

Nikalitazama pipa la taka. Yeye naye akalitazama. Pipa lilikuwa jeupe, linang'aa, mfagizi wetu si mvivu.

Wifi akajitupa kwenye kiti changu. Nikamwambia, "Usikae hapo!" Hakusikia. Kwenye kiti nilikuwa nimeweka sinia la plasta mbichi, ile ya unga inayoganda kama saruji.

Sasa mniambie, kosa langu ni lipi? Kwenye meza yangu kuna sheria moja, na nilifundishwa hivyo: kisicho samaki ni uchafu. Na yeye ana yake: kisicho kimelea ni takataka. Nimemwona mara ngapi akimtoa mnyoo kwa upole, anamweka kwenye chupa, anamwandikia jina, halafu samaki mzima mzima anamwagwa ndooni! Nikamwambia hayo bila kupepesa macho. Akaniambia nimewafagia chawa wa kale kama makombo ya mkate. Nikamwambia arudi upande wake wa utepe. Akaniambia hawezi kuinuka.

Tulifika kwa mkurugenzi mimi nimebeba samaki, yeye amebeba sinia kwa nyuma, linazidi kuganda. Mkurugenzi ni mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko moto. Akamtazama wifi, akaamua kutouliza. Akachungulia kwenye hadubini, akatabasamu taratibu, na mimi nikajua nimekwisha.

"Chawa anabaki," akasema. "Tena tutaandika kibandiko: Chawa na Mwenyeji Wake."

"Mwenyeji!" nikafoka. "Amempangisha chumba? Samaki ni wangu, nimemtoa kwenye jiwe mimi, halafu kibandiko kinaanza na chawa?"

"Ndilo neno la kitaalamu," akasema wifi, mgongo kwa ukuta.

Nilikwenda stoo nikalia katikati ya maboksi. Akilini nilimwona mama Jumamosi amesimama mbele ya kabati, anapapasa hewa kwa kidole chake kile. Wifi angeeleza habari za chawa wake, watu wangempigia makofi, na mimi ningekuwa yule wa mawe. Tena yule asiyejua hata kuyaosha.

Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilikuwa peke yangu pale mlangoni. Funguo za kabati ninazo mimi. Sindano ilikuwa mfukoni. Nikafungua kabati, nikashusha kioo cha kukuzia, nikaweka ncha ya sindano kwenye kile kijivimbe. Kubonyeza kidogo tu, basi. Ningesema kimedondoka, mambo ya mawe hayo.

Nikakosea nikamtazama yule chawa vizuri. Alikuwa na miguu kweli. Miguu myembamba, imekunjwa, na vikulabu viwili amevipachika shavuni mwa yule samaki wangu, hakumwachia hata walipozikwa pamoja kwenye matope. Mkono ulikataa. Angekuwa uchafu ningemwondoa bila kusita, lakini hakuwa uchafu, na sasa nilikuwa nimejua. Nikamtukana yeye, nikamtukana wifi, nikafunga kabati.

Mama alikuja ameshikwa mkono na nani? Na mkwe wake, bila shaka. Amevaa vizuri, mtandio umenyooka kama umetoka pasini sasa hivi. Nikamweka mbele ya kioo cha kukuzia. Akainama. Akatazama kwa muda mrefu mpaka wageni walio nyuma wakaanza kukohoa. Halafu kidole kikainuka.

"Hapa umeruka."

Wifi, Mungu ambariki, aliruka kunitetea kabla sijafungua mdomo. "Hajaruka, mama. Huyo ni chawa. Ameachwa makusudi."

"Chawa?" Mama akainama tena. Akaguna. "Maskini. Huyu samaki hakuwa na mama?"

Watu wakaangua kicheko, mkurugenzi akashika mbavu. Mimi nikasema, kwa kuwa ndilo lililonijia, "Alikuwa naye, mama. Ila samaki hana mikono."

"Eeh, hapo sawa," akasema mama. Akawageukia wageni wote kama amepewa kipaza sauti. "Huyu binti yangu darasa la kwanza alinirudia na chawa kichwa kizima. Majirani wakaniambia mnyoe. Akazililia nywele zake, lo, alivyolia! Nikamkalisha katikati ya magoti, jioni baada ya jioni, nikawatoa mmoja mmoja kwa kucha. Sikukata hata unywele."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkurugenzi wangu, wageni, wafagizi, wote sasa wanazijua habari za kichwa changu.

Mama akakitazama tena kioo. "Na huyu ni nani aliyemtoa kwenye jiwe?"

"Mimi, mama."

"Kwa kutumia nini?"

"Sindano. Kidogo kidogo."

"Na hiyo miba yote hukuvunja hata mmoja."

"Hata mmoja."

Akanishika mkono. Akaugeuza, akavitazama vidole vyangu, kimoja kimoja, vilivyojaa vumbi kwenye kucha, na safari hii hakusema neno kuhusu kucha. Kisha akamwambia mgeni aliyekuwa karibu, mtu asiyemjua kabisa: "Huyu ni binti yangu. Si unaona mkono huu? Huu ni wangu."

Wifi akalia kwa sauti kuliko mtu yeyote, kama kawaida yake. Mimi machozi yalinitangulia. Mama akachukua ncha ya mtandio wake akanifuta uso palepale mbele za watu, kwa nguvu, jinsi anavyofuta kila kitu.