Mwandiko wa Mama Enelesi

Tamandani alikuwa kwenye duka lake la kukata stika karibu na soko la Limbe, akichomoa mabaki ya stika kwa ncha ya sindano, pale Wilfredi Makunganya alipoingia na simu mkononi. Koti lilimpwaya mabegani kama la kurithi. Alitaka kujua jina la fonti, aina ya herufi aliyokuja nayo. Kwenye simu kulikuwa na picha ya ubao wa chaki wa mgahawa: ugali wa nsima, samaki wa chambo, maharage, chai na maandazi, yaani mandasi.

Tamandani aliikuza picha, akalinganisha herufi.

"Kaka, hii haina jina. Tazama hizi a mbili. Moja imeshiba, moja ina njaa. Huyu ni mtu, si fonti."

"Ni shemeji yangu Enelesi, mke wa marehemu kaka. Basi itengeneze."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo. Ana shughuli."

"Anataka kusema nini?"

Wilfredi akamsomea: Mimi Enelesi namwachia shemeji yangu mgahawa huu kwa hiari yangu. Alitaka stika hiyo ibandikwe kwenye kioo cha mbele cha mgahawa.

"Kama ni hiari, si aandike mwenyewe? Chaki anayo."

"Dada, wewe unauza stika au unauza maswali?"

Tamandani hakumwamini hata chembe. Lakini alijiambia maneno ni ya aliyeyaagiza, yeye ni mkataji tu. Akazitoa herufi kwenye picha moja moja, akalainisha mikwaruzo ya chaki ili kisu cha mashine ya kukatia stika kisikwame, akaunganisha mikia ili kila neno litoke kipande kimoja. Herufi zilizokosekana alizibuni kutokana na zilizokuwepo. Kila a ikawa a ile ile, iliyoshiba.

Asubuhi iliyofuata Enelesi aliukuta mgahawa wake umefungwa kwa kufuli geni, na kwenye kioo maneno yake asiyoyasema. Akatoa chaki ajibu chini yake. Chaki haikuandika. Akajaribu mkaa, kisha kalamu; navyo vikapita patupu. Akafunga kitenge vizuri, akashika njia hadi kwa Tamandani, mkata stika wa pale sokoni.

"Mwandiko wangu umekuja hapa," alisema mlangoni.

"Umo ndani ya kompyuta, mama. Karibu ukae."

Tamandani alimweleza ni nani aliyeuleta. Enelesi akaitikia kama aliyeambiwa kwamba nje kuna manyunyu. Wakaifuta fonti, lakini kalamu iliendelea kuteleza juu ya karatasi bila alama. Hapo Enelesi akaweka kiganja juu ya mashine, nayo ikaanza kukata bila mtu kuigusa kompyuta: Uongo. Mgahawa huu ni wangu. A hazikufanana. Tamandani akachomoa mabaki, wakaenda kuibandika stika hiyo chini ya ile ya kwanza.

Mwenyekiti wa soko akaitwa. Alivaa miwani, akasoma juu, akasoma chini.

"Haya ya juu ni ya nani?"

"Si yangu," alisema Enelesi.

"Na ya chini?"

"Yangu."

"Mwandiko ni mmoja, mama."

Tamandani akaingilia. "Ya juu niliyatengeneza mimi, mzee. Tazama, a zote zinafanana. Za chini hazifanani."

Mwenyekiti akatazama tena, kwa makini. "Ni kweli," alisema. "Kwa hiyo ya juu yaliandikwa kwa utulivu, ya chini kwa hasira. Soko hili linafuata neno la utulivu."

Wilfredi akabandua ya chini kwa wembe, taratibu, asikwaruze kioo.

Tangu hapo Enelesi alikaanga mandasi nyumbani, akauza kwenye kibaraza cha Tamandani. Kila asubuhi aliweka kiganja juu ya mashine, nayo ikamkatia tangazo lake la siku. Wapita njia walisifu mwandiko.

Siku moja Wilfredi alikuja kuagiza orodha ya vyakula, kwa fonti ile ile.

"Nilishaifuta," alisema Tamandani.

Wilfredi akamgeukia Enelesi. "Basi shemeji, niandikie wewe."

Enelesi akainua kiganja chake kutoka kwenye mashine iliyokuwa ikimkatia tangazo. Mashine ikasimama katikati ya neno. Wilfredi alikwenda kukipiga picha kioo chake, akaipeleka kwa mkataji mwingine, kule stendi ya mabasi.

Kesho yake Enelesi aliweka kiganja, mashine isitikisike. Alingoja kidogo, kisha akajitwisha beseni la mandasi.

"Mwandiko wangu umehamia stendi," alimwambia Tamandani, akaenda kuufuata.